Mstari wa Ndunge

Mama yake alipompigia simu kumsifu mgeni, Syombua aliweka kalamu chini na kusikiliza vizuri.

"Kijana mzuri sana," Ndunge alisema. "Ako na heshima. Ametoa kofia akanisalimia, akauliza Susu anaendelea aje. Nikampa uji akamaliza. Halafu nikamsaidia kuhesabu."

"Kuhesabu nini, Mwaitu?" Syombua alimwuliza mama yake.

"Vitu. Milango, madirisha, tangi za maji. Machungwa amehesabu mpaka ile haijazaa. Akapima kutoka barabarani mpaka kwa kaburi ya Muindi, mimi nikimshikia kamba upande huu. Si ni mtu wenu wa nyumba za serikali?"

"Ameacha karatasi yoyote?"

"Ameacha barua. Nimeiweka ndani ya Biblia mpaka ukuje."

Syombua aliaga, akakata simu, akabaki akiitazama picha iliyotundikwa ukutani pa ofisi yake ya Nairobi. Katika picha hiyo alikuwa amesimama na wabunge wenzake siku sheria yake ilipotiwa sahihi, ametabasamu mpaka meno ya nyuma. Mheshimiwa Syombua Muindi alijua kazi ya mtu anayehesabu milango ya watu. Katika Bunge zima hakuna aliyeijua kama yeye.

Ndiyo iliyomwingiza kwenye siasa. Miaka ya nyuma, akiwa bado mwalimu kule Mutomo, alimkuta mwalimu mwenzake mstaafu, Kalekye, amekaa kwenye sofa nje ya nyumba yake mwenyewe, jua la saa sita likimpiga utosini, mkoba umelala magotini. Vijana wa dalali walikuwa juu ya paa wakibandua mabati na kuimba. Kalekye hakuwa amekopa hata shilingi. Marehemu mumewe ndiye aliyeweka hati benki bila kumwambia, na yeye alizijua habari siku mabati yalipoanza kushuka. Syombua akakaa naye tu kwenye ile sofa mpaka jioni. Nyumba ilipobaki kuta, Kalekye alimwuliza kama anaweza kumsaidia kuibeba sofa, na Syombua hakujua waipeleke wapi.

Tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Alipochaguliwa aliuimba Bungeni mpaka wenzake wakambatiza jina la Mama Mabati, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa kumwogopa kidogo. Alitaka mambo mawili. La kwanza, wasio na nyumba wajengewe nyumba ambazo mtu wa kipato kidogo anaweza kuzilipia, na kwa ukaidi wake majengo ya ghorofa tano yalianza kuinuka Kiboko, kando ya barabara kuu, mkabala na boma la mama yake. La pili, wenye nyumba wasivamiwe. Sheria yake ilisema kwamba nyumba ya kuishi haiuzwi kwa mnada kabla baraza halijakaa ndani ya boma lenyewe, mbele ya majirani, na kusikiliza kila mtu. Baraza likigundua kwamba mke au mume wa mwenye hati hakutia sahihi mkopo ulipochukuliwa, mnada unakufa hapo hapo.

Kwa muda wa miezi minane sheria hiyo ilikuwa imeokoa nyumba za watu kuanzia Mwingi mpaka Wote. Wanawake walimpikia. Mtoto mmoja kule Ikutha alipewa jina lake. Wachache sana walijua kwamba kwenye rasimu ya kwanza palikuwa na mstari mmoja zaidi, miongoni mwao karani aliyeupiga chapa, askofu mmoja, na Ndunge.

Mstari wenyewe ulisema: pamoja na mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila.

Mtu wa mbali atashtuka, kwa hiyo ni vizuri aelezwe mapema. Ukambani, mwanamke aliyekosa mtoto, hasa mjane, aliweza kutoa mbuzi na kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Yule aliyeolewa huitwa iweto. Huzaa watoto, na watoto huitwa kwa jina la marehemu mwenye boma, na baba wa damu haulizwi. Ni ndoa ya kuendeleza ukoo, basi. Wenye mawazo machafu watafute kazi ya kufanya.

Hivyo ndivyo Kasiva alivyomwoa Ndunge. Muindi, mume wa Kasiva, alikufa kijana na hakuacha mtoto. Kasiva alikaa peke yake miaka kumi na mmoja, kisha akavuka mto Athi na mbuzi zake mpaka Ikutha, akarudi Kiboko na mke. Mwaka wa pili akazaliwa Syombua, mtoto wa pekee, akaitwa binti Muindi. Kijijini kila mtu alijua na hakuna aliyeona ajabu. Nairobi hakuna aliyejua, na Syombua hakuona haja ya kuwaambia.

Aliuandika mstari ule jikoni kwa mama yake, daftari gotini, akimwuliza habari za zile mbuzi. Alipomaliza alimsomea. Ndunge aliacha kupepeta mbaazi, akasema, "Soma tena." Akasomewa mara tatu.

Miezi miwili baadaye Askofu Nzomo, msemaji wa makanisa mengi ya upande huo, alimwalika Syombua chakula cha mchana katika hoteli moja ya Wote. Aliweka kidole juu ya mstari ule, kidole safi chenye kucha iliyokatwa vizuri.

"Mimi najua ni mila yetu," alisema. "Hata shangazi yangu alioa. Lakini watu wakisoma hii watasema Mama Mabati analeta ndoa za ajabu. Mswada mzima utakufa juu ya mstari moja. Toa hii, na Jumapili nitaongea kwa kila kanisa."

"Na hao wanawake, Askofu?"

"Wamebaki wangapi, Mheshimiwa? Ni wazee. Wanaisha."

Syombua aliwafikiria akina Kalekye wote waliokuwa wakingoja. Wengi mno, na upande wa pili mzani ulibeba mstari mmoja. Hakumwambia askofu kwamba mama yake ni mmoja wao.

"Wanaisha," alisema.

Askofu hakumwomba aufute pale pale. Syombua mwenyewe ndiye aliyefungua mkoba wake, akatoa kalamu, akaupiga mstari ule kalamu mara mbili. Kisha kuku akaletwa, wakala. Kwa mama yake hakupeleka habari hizo. Kila alipotaka kusema, aliahirisha, na miezi ikapita.

*

Siku iliyofuata ile simu, Syombua alifika Kiboko saa tatu asubuhi. Malori yalikuwa yakivuma barabarani, na ng'ambo ya pili majengo yake yalisimama bila rangi, madirisha matundu matupu. Alipokuwa akiyapigia debe hakuwahi kujiuliza jua hutokea upande gani. Sasa aliona. Kivuli cha jengo la kwanza kilikuwa kimevuka barabara, kikaingia langoni na kufika mlangoni pa jikoni. Kuku walikuwa wamehamia upande wa pili wa boma kutafuta joto.

Ukutani pa jikoni palikuwa na namba iliyoandikwa kwa chaki nyekundu.

"Ameandika yule kijana," Ndunge alisema. "Sijapangusa. Labda ataitafuta akirudi."

Kando ya mlango aliketi Kasiva, ambaye bomani wote walimwita Susu, yaani nyanya, amefunikwa blanketi, mwili umebaki wa kubebwa kwa mkono mmoja. Alikuwa na miaka tisini na kitu, na tangu mwaka uliopita akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Aliposikia gari aliinua uso.

"Wageni wamefika?" aliuliza.

"Ni Syombua, Susu."

"Waambieni wageni waingie," Kasiva alisema, akarudi kwake kule alikokuwa.

Barua ilikuwa kwenye Biblia, kati ya Zaburi. Syombua aliisoma amesimama. Shirika moja la mikopo la Nairobi lilikuwa likimjulisha Kasiva, mwenye hati, kwamba mkopo aliouchukua Mutie kwa dhamana ya shamba lake haujalipwa, na kwamba baraza litakaa bomani mwake Alhamisi ya wiki ya tatu, kwa mujibu wa sheria. Sheria yake mwenyewe Syombua ilikuwa imetajwa kwa jina, na kifungu. Barua za namna hii alikuwa amezisoma nyingi, zote za nyumba za watu wengine.

Mutie aliitwa, akaja. Alikuwa mtoto wa shemeji yake Kasiva, mwanamume wa makamo aliyependa kuvaa kofia ya kampuni yoyote aliyoifanyia kazi. Siku hiyo alikuja kichwa wazi, akakaa kwenye ncha ya kigoda.

"Ilikuwa ya malori," alisema. "Malori mawili, ya kubeba kokoto na mchanga. Si uliniambia Mheshimiwa watu wa hapa ndio watapata kazi kwa hizo nyumba? Mimi nikaamini. Nikamwomba Susu. Wakati huo akili yake ilikuwa sawa kabisa, mpaka daktari aliandika. Akaniambia chukua, mwanangu. Akaweka kidole."

"Na kwenye fomu, pale pa kuuliza kama ana mume au mke?"

"Niliandika mjane." Mutie alitazama miguu yake. "Si ni mjane? Kokoto nimepeleka safari mia na kitu. Mjenzi hajanilipa mwaka wa pili huu. Kila siku ananiambia pesa iko njiani."

Syombua alitazama ng'ambo ya barabara. Shamba la mama yake lilikuwa limeingia ndani ya zile kuta, kokoto kwa kokoto. Alitaka kumfokea Mutie akakosa nguvu, kwa sababu kila alichosema alikisikia kwa sauti yake mwenyewe, jukwaani, na kipaza sauti mkononi.

Ndunge peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alikuwa akichambua mchicha, akicheka kidogo kwa pua.

"Mutie, wewe ni mjinga, lakini usilie. Hakuna mtu atauza hapa. Mimi ni mke wa hii nyumba na mimi sikusaini. Si ndio sheria, Syombua? Si uliniandika?"

Pale ndipo alipopaswa kusema. Mlango wa kusema ulikuwa wazi, mama yake mwenyewe ndiye aliyeufungua. Syombua alifungua mdomo, akaiona ile mikono ikichambua mchicha bila wasiwasi wowote, akasikia woga mtupu.

"Ndiyo, Mwaitu," alisema.

"Haya basi. Wakuje."

*

Majuma matatu yalikwenda mbio. Syombua alilifuata lile shirika Nairobi akaomba deni aligeuze liwe lake, alipe kidogo kidogo. Walimpa chai. Walimwambia kwa upole kwamba mshahara wake tayari unakatwa kwa mkopo wa kampeni, na kwamba, hata hivyo, mnunuzi amepatikana. Tangu zile nyumba zianze, kila mtu anataka kiwanja kinachotazamana nazo. Kwa hilo, walisema, Mheshimiwa anastahili pongezi.

Aliwaendea wabunge wenzake. Watu hudhani mbunge hulala juu ya noti, na wabunge wenyewe huwaacha wadhani hivyo mpaka siku ya kuombwa. Kila mmoja alikuwa na harusi, na matanga, na karo. Wakili aliyemwuliza kuhusu mahakama alivua miwani yake. "Unataka mahakama iseme iweto ni mke," alisema. "Miaka iliyopita ningejaribu. Sasa watanisomea sheria yako, na wataniuliza kwa nini mwenye sheria alifuta maneno hayo kwa mkono wake. Nitawajibu nini?" Kurudisha mstari Bungeni kungechukua mwaka, kama ungerudi.

Lilibaki jambo moja la aibu, akalifanya. Alimpigia simu Bi Sauda Farouk.

Sauda alikuwa wakili wa Kitui mjini, wa jamii ya wafanyabiashara waliotoka pwani zamani wakaweka duka na msikiti na hawakurudi tena. Alikuwa mwenyekiti wa mabaraza yote ya upande huo. Syombua mwenyewe ndiye aliyempendekeza, kwa sababu katika Ukambani nzima hakumjua mtu mwingine asiyenunulika.

"Bi Sauda," alianza, "kuna lile baraza la Kiboko, Alhamisi. Yule mama mzee na mwenzake. Nilikuwa nafikiri, kama ingewezekana..."

"Mheshimiwa," Sauda alimkatiza, sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Ukiimaliza sentensi hiyo, itanibidi niiandike."

Kisha Syombua akamtakia siku njema.

*

Alhamisi Ndunge aliamka akachinja mbuzi. Alikodi hema na viti, akamwogesha Kasiva, akamvika gauni la kanisani. Yeye mwenyewe alivaa shanga za shaba alizotoka nazo Ikutha siku ya kuolewa, zilizokuwa hazijatoka sandukuni miaka mingi. Majirani walijaa. Palikuwa na vicheko na harufu ya mchuzi, na mtu aliyepita barabarani angefikiri kuna mahari inapokelewa. Syombua alikaa mstari wa mbele, kiti alichowekewa. Kila aliyemsalimia alimshukuru. Jasho jembamba lilimtoka, na hakuna jua lililokuwa limefika pale, maana kivuli cha majengo kilikuwa bado kimelala juu ya hema.

Gari la shirika lilikuja. Alishuka yule kijana mwenye heshima. Alivua kofia, akamsalimia Ndunge kwa mikono miwili, akauliza Susu anaendeleaje.

"Wageni wamefika?" Kasiva aliuliza.

"Bado, Susu," Ndunge alimjibu. "Huyu ni mmoja tu."

Sauda alifungua baraza. Alisoma deni ni la nani, dhamana ni ipi, kidole ni cha nani. Alimwuliza Mutie, Mutie akakiri yote. Halafu akamgeukia Ndunge.

"Mama yangu, tafadhali liambie baraza. Wewe ni nani katika nyumba hii?"

Ndunge alisimama. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa furaha, na furaha yenyewe ilionekana.

"Mimi ni mke. Niliolewa hapa na huyu Kasiva. Mbuzi tatu za ntheo zilitoka hapa zikavuka Athi, na wakati huo mto ilikuwa imejaa. Moja ilibebwa kwa mabega na Nzioki, ule pale, muulizeni. Baba yangu akazikubali. Ntheo ikishakubaliwa hakuna mtu anaweza kusema wewe si mke. Nimefukia mama mkwe hapa, yule mama ya Muindi. Nimezaa hapa. Huyu mzee nimemlisha na mkono yangu. Na hiyo loan mimi sikusaini. Hata sikuulizwa."

"Ni kweli!" walisema majirani, na Mzee Nzioki akainua fimbo yake kukubali kwamba mbuzi alibebwa.

Yule kijana wa shirika aliomba nafasi. Hakubishana na mbuzi wala na mto. Alisema tu kwamba anaomba mwenyekiti asome kifungu cha pili cha sheria, mahali panapoelezwa mke ni nani. Hakuinua sauti. Hakuwa na haja ya kuiinua.

Sauda alisoma polepole, macho yake yakiwa kwenye karatasi. "Katika sheria hii, mke maana yake ni mwanamke aliyeolewa na mwanamume, na mume maana yake ni mwanamume aliyeoa mwanamke."

Ndunge alingoja. "Endelea," alisema.

"Imekwisha, mama."

"Haijaisha. Kuna pahali imebaki." Aliwatazama watu akitabasamu, kama mwalimu anayemvumilia mwanafunzi. "Hiyo sheria naijua mimi. Iliandikwa kwa jikoni yangu. Baada ya hapo inasema, pamoja na mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila. Nilisomewa mara tatu."

Sauda alifunga karatasi, akaifungua tena. "Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno hayo, mama. Nimeiona. Yalifutwa kabla mswada haujasomwa Bungeni."

"Nani alifuta?"

"Haikuandikwa."

"Basi mwenyewe yuko hapa, atuambie." Ndunge aligeuka, bado ana tabasamu. "Syombua. Waambie hawa watu. Nani alikufutia?"

Hapo Syombua angeweza kusema kamati. Angeweza kusema askofu, na nusu ya waliokuwepo wangemwamini na nusu ya pili wangemsamehe. Alisimama.

"Ni mimi, Mwaitu. Niliufuta mimi. Waliniambia sheria yote itaanguka. Nilifikiri mmebaki wachache. Nilifikiri..." Akaliepuka neno la kumalizia, kisha akalitoa. "Nilisema mnaisha."

Barabarani lori lilipita na kokoto, likapunguza mwendo, likaingia ng'ambo. Ndunge aliendelea kumtazama bintiye, na tabasamu lilichelewa kumwondoka usoni, likabaki pale peke yake kitambo kizima halina mwenyewe. Halafu akaketi.

Sauda alimwendea Kasiva, akachuchumaa mbele yake. Hiyo haikuwa kwenye utaratibu, lakini alifanya. "Nyanya, huyu mwanamke ni nani kwako?"

Kasiva alimtazama Ndunge kwa muda mrefu. Siku hiyo akili yake ilirudi, labda kwa kunusa mchuzi. "Ni mke wangu," alisema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya hema. "Nilimtoa Ikutha."

Sauda aliinama zaidi, kama mtu aliyechapwa. Kisha akarudi mezani, akaandika. Mkopo ulichukuliwa kihalali. Mwenye hati ni mjane. Hakuna mke wala mume ambaye hakutia sahihi. Mnada uendelee baada ya siku arobaini. Kwenye orodha ya waliomo nyumbani palikuwa na visanduku vya kuweka alama: mwenye hati, mke au mume, mtoto, mpangaji, mfanyakazi, wengineo. Kwa Ndunge kalamu yake ilisimama muda mrefu juu ya karatasi, kisha ikaweka alama penye wengineo.

Watu walianza kuinuka mmoja mmoja wakitafuta kofia zao. Ndunge akawazuia.

"Kaeni. Mbuzi imechinjwa. Hakuna mgeni atatoka hapa na njaa."

Aligawa mwenyewe. Wa kwanza kumpa alikuwa yule kijana wa shirika, akachagua pande zuri, na kijana akapokea kwa mikono miwili na hakujua aangalie wapi. Alimpa Sauda, Mutie, majirani. Mwisho alimletea Syombua sahani ya kauri, ile yenye maua iliyowekwa kabatini kwa ajili ya wageni.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema.

Kamwe hakuwahi kumwita hivyo, hata usiku wa kutangazwa matokeo.

"Mwaitu, tafadhali."

"Nataka kuuliza tu." Ndunge aliongea chini, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza bei. "Muindi alikufa miaka kumi na tatu kabla uzaliwe. Jina yake wewe ulipewa na zile mbuzi. Sasa mbuzi si kitu, na mimi si mke. Wewe ni mtoto wa nani?"

Hakungoja jibu. Alimfuata Kasiva kumpulizia mchuzi upoe.

"Wageni wamefika?" Kasiva aliuliza.

"Wamefika, Susu," Ndunge alisema. "Kula."

Sauda alikuja na karatasi ya mwisho. Baraza lilihitaji shahidi mmoja, na sheria ilisema awe mtu anayejua kusoma, aliyekuwepo tangu mwanzo. Syombua alikumbuka kifungu hicho. Alikiweka yeye, ili wanyonge wasidanganywe. Alishika kalamu. Penye jina aliandika Syombua, akaacha pengo mahali pa Muindi. Penye swali la uhusiano wake na nyumba hiyo aliangalia jikoni, ambapo ile namba nyekundu ilikuwa bado ukutani, kisha akaandika: mbunge.